Shangazi, ukweni Karachi hakuna anayeniita jina langu

Shikamoo Shangazi, pole na kazi ya kutusomea matatizo yetu.

Mi ni mtoto wa Tanga ila sa hivi naishi Sharjah na mume wangu, tulikutana hukuhuku kazini, yeye ni Mpakistani wa Karachi, kwao nyumbani wanaongea Kiurdu, babu yake alitoka Lucknow mwaka 1947 India ilipogawanywa. Nikaha ilifungwa Tanga nyumbani kwa baba, alikuja yeye na mdogo wake wa kiume tu, mahari akatoa, tukala pilau, kila mtu akafurahi. Mume mwenyewe sina cha kumlalamikia, anaswali, ananijali, hela ya nyumbani haikosekani.

Shida imeanza tulipoenda kwao Karachi baada ya Idi. Walinipokea vizuri mno, maua mlangoni, biriani, walima ikafanyika ukumbini nikapambwa mpaka mwenyewe nikajishangaa. Lakini Shangazi tangu nimeingia ile nyumba mpaka natoka hakuna mtu aliyeniita jina langu. Mama mkwe ananiita "dulhan", yani bibi harusi, baba mkwe akiniulizia anasema "bahu yuko wapi", watoto wa shemeji mkubwa wananiita "chachi", wifi ananiita "bhabhi". Mi nina jina, alinipa baba yangu, la bibi yangu mzaa baba, nalipenda. Ikafika siku nampigia mama simu Tanga bila shida yoyote, nisikie tu mtu ananiita.

Alafu kuna mambo mengine siyaelewi. Siku ya pili asubuhi tuko mezani nikamwita mume wangu kwa jina lake anisogezee sukari, meza nzima ikanyamaza. Mama mkwe hakusema kitu. Usiku mke wa shemeji mkubwa akanivuta jikoni akaniambia huku mume haitwi jina mbele ya wazee. Siku nyingine nikamtania huyo shemeji mkubwa, vile sisi tunavyotaniana na mashemeji, nikamwambia shemeji umenenepa, mkeo anakupenda sana, akainuka akatoka nje. Yule mdogo nilimtania zaidi ya hapo na akacheka mpaka machozi na hakuna aliyenuna. Sasa shemeji huyu anataniwa na yule hataniwi?

Kubwa lililonifanya niandike ni hili. Nina mimba ya miezi sita. Wifi yangu mkubwa kila akipiga simu ananiambia nibadilishe pasipoti niondoe jina la baba yangu niweke la mume, na sio jina la ukoo, ni jina lake yeye mwenyewe la kwanza! Anasema sasa wewe ni wa kwetu. Na mama mkwe keshachagua jina la mtoto, wa kiume linaanza na Muhammad, wa kike kachagua jina la Kifarsi ambalo baba yangu hata kulitamka hawezi. Na Tanga nako baba anasubiri, wa kiume apewe jina la marehemu baba yake yeye, wa kike la mama yangu. Mume nikimwambia anasema acha wafanye wanavyotaka, amani iwepo. Na huyohuyo wifi ananipiga vijembe kwamba nimekuja mikono mitupu, eti mabibi harusi wa kwao wanakuja na fanicha na friji.

Shangazi nikikubali yote haya mi nabaki nani? Na swali dogo la mwisho, mama mkwe nimwite nani? Mpaka sasa namwita "mama mkwe" kwa Kiswahili na yeye anatabasamu tu, hajui maana yake.

Ni mimi, Mtoto wa Tanga, Sharjah.

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, hongera sana kwa mimba, Mungu akufungue salama wewe na kichanga chako. Nakujibu kwa urefu kwa sababu nimeishi Muscat miaka mingi na jirani zangu wa ukuta mmoja walikuwa watu wa Karachi, wa Kiurdu hivohivo, tumeleleana watoto na kupelekeana futari, kwaio mengi ya hayo unayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Kwanza ujue umeolewa na watu gani. Kiurdu ndo lugha ya taifa ya Pakistan lakini wanaokiongea nyumbani tangu utotoni ni wachache, sensa ya 2017 iliwapata kama asilimia 7 tu, na wengi wao wako Karachi na miji mingine ya jimbo la Sindh, ni watoto na wajukuu wa wale waliohama 1947 kutoka Lucknow, Delhi, Bihar, Hyderabad na kwengineko. Waliacha nyuma majumba na makaburi ya wazee wao, walichobeba ni lugha na adabu, na Lucknow hasa ndo mji uliosifika kwa adabu, kule mtu mzima anaweza kumwambia hata mtoto mdogo "aap", ile "wewe" ya heshima. Maana Kiurdu kina "wewe" tatu, "tu" ya kwa Mungu na kwa mtoto na kwa mtu unayemtukana, "tum" ya watu mliozoeana, na "aap" ya heshima, na ukikosea hapo unasikika vibaya hata kama moyo wako msafi. Kwaio mama mkwe akishikilia sana mambo ya nani anaitwaje usidhani anakuchukia, anashikilia alicholelewa nacho.

Sasa hilo la jina. Kwao heshima ya jina inapanda juu, mdogo hamtaji mkubwa kwa jina tupu na mke hamtaji mume, hasa wazee wakiwepo. Mabibi wa zamani waliishi na mume mpaka kufa bila kumwita jina, akimtaka anasema "suniye", hebu sikiliza, au anamwita kupitia mtoto, "Munne ke abba", baba yake Munna, na Munna hapo ni jina la kudekezea mtoto wa kiume. Mume naye anaita "begum", yani bibi, au anasema tu "suno". Mwanangu, mama yako hapo Tanga anamwita baba yako kwa jina alilopewa na wazazi wake? Sidhani, atakuwa anamwita baba fulani kama mama zetu wote, na ungemsikia mke mgeni anamtaja mumewe jina tupu mbele ya bibi yako ungeona bibi anavyogeuza uso. Vijana wa Karachi wa siku hizi wengi wanaitana majina wakiwa wenyewe, mkiwa wawili muite unavyotaka, ila mkiwa mezani kwa wazee sema "suniye", na umsemeshe kwa "aap", utaona mama mkwe atakavyokulegezea uso.

Na hilo "dulhan" lisikuchome. Mkamwana anaweza kubaki dulhan mpaka watoto wake wanaenda shule, kwa mama mkwe ni neno la mapenzi. "Bahu" ni cheo, mke wa mwanangu, na cheo hicho kina uzito ndani ya nyumba. Lakini sikiliza vizuri hapa maana ndo penye haki yako: mkubwa kumwita mdogo jina kwao ni ruhusa kabisa, kwaio mama mkwe na baba mkwe wanaweza kukuita jina lako bila kuvunja adabu yoyote. Kama unalitaka liombe, mwambie kwa upole, "Ammi, aap mujhe mere naam se bulaya karein", mama uwe unaniita jina langu, na umfundishe kulitamka. Mi naamini hawajakuita kwa sababu jina lenyewe geni kwenye ulimi wao na waliogopa kulikosea. Wale watoto wa shemeji waache wakuite chachi, mumeo ni chacha wao, yani baba mdogo, na wewe ndo mama mdogo, ungependa kweli watoto wa watu wakuite jina?

Kitu ambacho hakuna aliyekufundisha, na mumeo ndo alitakiwa akufundishe kabla ya kupanda ndege, ni kwamba Kiurdu kina majina ya kumsimulia mtu na majina ya kumwitia, na hayafanani. Saas ni mama mkwe, susar baba mkwe, jeth ni kaka mkubwa wa mume na jethani mkewe, devar ni mdogo wake wa kiume na devrani mkewe, nand ni wifi, dada wa mume, na mume wa wifi ni nandoi. Hayo yote ya kusimulia, ukimwita mtu usoni "we jeth" watashtuka. Ukimwita usoni, baba mkwe ni Abbu, jeth ni bhai jan au bhai sahab, mkewe ni bhabhi, wifi aliyemzidi mumeo umri ni baji au apa, wadogo wote unawaita majina yao na yule devar unaweza kumuongezea "bhai" mbele ya watu. Na mumeo naye mwambie akija Tanga asiwaite kaka zako "sala". Ndo neno lao la kaka wa mke kweli, lakini mtaani limegeuka tusi siku nyingi, kaka zako wakija kulijua patachimbika, awaite bhai tu.

Kuhusu utani umegusa penyewe. Kwetu shemeji ni shemeji, mkubwa mdogo wote unawachokoza, kwao mstari umepita katikati ya jeth na devar. Jeth anahesabiwa upande wa baba mkwe, mke wa mdogo wake anaweka shela vizuri akiingia, hamchekei hovyo, na yeye pia anajitenga naye, ndo maana alitoka nje, wala hakukukasirikia, alikuheshimu akakuondolea aibu. Devar ndo wa utani, ndo anayetumwa dukani na bhabhi zake, na ndo wa kumpelekea siri umbembeleze akuombee kwa mama yake. Huyo mdogo aliyekuja Tanga kwenye nikaha mshike sana huyo, ameona kwenu, amekula kwa baba yako, ndo wakili wako ndani ya ile nyumba.

Mtoto akizaliwa utafurahi kuona kwamba ukoo wao na wetu umepangwa karibu sawa. Sisi tuna baba mkubwa na baba mdogo, wao wana taya na chacha. Shangazi kwao ni phupho, mjomba ni mamu, na mamu anapendwa mpaka mwezi wa angani watoto wanauita chanda mamu, mjomba mwezi. Dada zako wewe watakuwa khala. Wazazi wa mumeo watakuwa dada na dadi, wa kwako watakuwa nana na nani, na hapo uwe macho kidogo, maana dada kwao ni babu mzaa baba, mtoto akikaa Tanga anamwita dada yako "dada" na akienda Karachi anamwita babu hivohivo, watoto wanazoea haraka, wakubwa ndo wanaochanganyikiwa. Ushauri wangu ni kwamba wazazi wako waitwe babu na bibi kwa Kiswahili tangu mtoto anaanza kutamka, uwaambie wote mapema kwamba ndo majina yao. Kama mama yako ataitwa "nani" kwa kila simu inayopigwa, Kiswahili kitatoka kwenye mdomo wa mwanao bila mtu yeyote kukusudia.

Haya tuje kwenye pasipoti, na hapa sikubembelezi, usibadilishe. Wifi anakuambia kwa nia njema labda, maana kwao desturi hiyo ipo kweli, wanawake wengi wakiolewa wanaliweka jina la mume mwisho na mara nyingi ni lile jina lake la kwanza hasa, ndo maana ulishangaa. Mke wa waziri mkuu wa kwanza wa Pakistan, Liaquat Ali Khan, yule aliyeuawa Rawalpindi 1951, alijulikana kwa jina la Begum Ra'ana Liaquat Ali Khan, Ra'ana ndo lake, Liaquat la mumewe, na mama huyo akaja kuwa gavana wa Sindh 1973 akiwa na jina hilohilo. Kwaio sio ajabu na sio aibu kwa anayelitaka. Lakini Benazir Bhutto, ingawa yeye ni wa Kisindhi, aliolewa Karachi 1987 na Asif Ali Zardari na akabaki Bhutto, mwaka uliofuata akawa waziri mkuu na Bhutto yake, na alipouawa Desemba 2007 mwanawe Bilawal ndo akaongeza Bhutto la mama yake mbele ya Zardari la baba. Mbona hakuna aliyesema Benazir sio mke wa Zardari?

Na wifi akikuletea dini mjibu kwa dini. Bi Khadija alikuwa binti Khuwaylid mpaka anafariki, Bi Aisha binti Abubakar, Bi Hafsa binti Umar, wameolewa na Mtume mwenyewe, bwana wa viumbe, na hakuna aliyeitwa kwa jina lake wakaacha la baba zao. Sisi watu wa pwani tumelishika hilo, fulani binti fulani, unazaliwa nalo unazikwa nalo. Sheria nayo haikulazimishi, si ya Tanzania ambayo pasipoti yako ni yake, si ya Pakistan. Alafu kuna upande wa karatasi ambao wifi haujui, vyeti vyako vya shule vina jina la baba, cheti cha ndoa kina jina la baba, iqama, yani kibali cha kuishi huko, na mkataba wa kazi vimefata pasipoti, ukibadilisha moja unakimbizana na zote ofisi kwa ofisi na tumbo hilo la miezi sita. Mwambie wifi neno moja tu la upole, baji, baba yangu bado yu hai na jina lake nimelibeba kwa radhi zake. Rudia hilohilo kila akipiga, usiongeze maelezo.

Jina la mtoto ndo refu kidogo, na lenyewe haraka yake ipo maana hospitali wakishaandika kurekebisha ni usumbufu mkubwa. Elewa kwamba familia nyingi za Kiurdu hazina jina la ukoo linaloshuka kwa wote kama la Wazungu. Kuna wenye la nasaba, Syed kwa wanaojihesabu kizazi cha Mtume, kama masharifu wetu, au Siddiqui, Ansari, Qureshi, Mirza, Khan, lakini ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina ya mwisho tofauti na hakuna anayejali. Nusrat Fateh Ali Khan yule mwimbaji wa qawwali, ingawa yeye Mpunjabi, jina lake ni Nusrat tu, Fateh Ali Khan ni baba yake mzazi. Kwaio kabla ya yote kaeni na mumeo mtazame pasipoti yake imeandika nini kwenye jina la mwisho, ni lake, ni la baba yake au ni la nasaba, na mkubaliane mtoto abebe lipi, na watoto wote watakaofuata wabebe hilohilo. Na hakikisheni yako majina mawili au zaidi kwenye pasipoti ya mtoto, mwishoni mwa 2022 Imarati walitangaza kwamba anayekuja na visa ya matembezi na pasipoti yake ina jina moja tu hapokelewi, watu walikwama viwanja vya ndege huko kwao, na bibi na babu hamjui watampeleka na kumleta lini.

Hilo la Muhammad nalo ulijue, kwao Muhammad mara nyingi linatangulia kwa baraka tu na mtu anaitwa kwa la pili, nyumba moja inaweza kuwa na ndugu watatu wote wameanza na Muhammad na hakuna anayeitika kwa hilo. Ukifika ofisi za ugenini ndo shida, wanamwita Muhammad na yeye amekaa hana habari. Zuri ni jina, sikatazi, ila muamue tangu leo atakuwa anaitika lipi. Na kama mtachagua la Abdul, liandikwe kwa kuunganishwa, Abdulrahman, Abdulkarim, maana likiachanishwa mtoto anabaki Abdul peke yake, mja wa nani sasa?

Sasa nani achague. Mi nakuambia ukweli wangu ingawa hautakufurahisha moja kwa moja: mtoto wa kwanza mpe dadi nafasi. Hata kwetu pwani nyumba nyingi wa kwanza ni wa upande wa baba, baba yako analijua hilo vizuri sana, ni mapenzi tu yamemzidi. Ila nafasi sio kufungiwa mlango. Mwombe mama mkwe akupe majina matatu badala ya moja, na wewe na mumeo mchague humo, na umwambie wazi lazima liwe jina ambalo nana wa mtoto, baba yako, ataweza kulitamka bila kuumia ulimi. Hayakosekani, Mariam, Zainab, Salma, Yusuf, Ibrahim, Haris, yanakaa Karachi na yanakaa Tanga. Na jina la babu yako marehemu liingie kwenye karatasi kama jina la pili la mtoto, hilo usiliachie. Kwao mtu kuwa na majina mengi sio kitu kigeni, na juu ya hayo karibu kila nyumba ina jina la kudekezea, Guddu, Munna, Gudiya, ambalo ndo linaitwa kila siku mpaka mtu anazeeka nalo.

La mama yako kwa mtoto wa kike hapo uwe na subira. Sisi tunapenda mtoto awe somo wa bibi yake aliye hai, tunaona raha, tunamwita mtoto "mama" tunacheka. Nyumba nyingi za kwao haliwaingii, kwa ile adabu niliyokueleza, watawezaje kumfokea mtoto "we fulani kaa chini" na hilo ni jina la mkubwa? Wanatafuta jina lenye maana nzuri na linaloendana sauti na la ndugu zake. Mweleze mama mkwe kwamba kwetu ni heshima, atashangaa lakini atakuelewa, na kama hakuelewa safari hii basi liweke kwa mtoto wa pili, ambaye nyumba nyingi za kwetu ndo zamu ya upande wa mama.

Vijembe vya friji vipuuze kabisa. Huko mzigo wa vitu uko kwa upande wa mwanamke, wanauita jahez, baba wa binti anaanza kununua binti akiwa bado mdogo na wengine wanaingia madeni mpaka wanauza viwanja, ni jambo linaloliza wazazi wengi wa Pakistan wenyewe, mpaka serikali yao ilitunga sheria 1976 kuiwekea mwisho jahez isizidi thamani ya rupia 5,000, na sheria ikabaki kwenye makaratasi. Kwetu mwanaume ndo anakuja na posa na mahari, na dini ndo inavyosema. Wifi mwenyewe huenda baba yake aliumia kumtoa, anakuonea wivu kwamba wewe umeingia bila maumivu hayo. Usimjibu.

Anayetakiwa kujibu ni mumeo, na ndo tatizo lako halisi, mwanangu, kuliko majina yote haya. "Acha wafanye wanavyotaka amani iwepo", amani ya nani? Mchagulie jioni ametulia ameshakula, umwambie hivi: mi nimekubali kukuita suniye mbele ya wazee wako, nimekubali kumstahi kaka yako, nimekubali mama yako atoe majina ya mtoto, sasa na wewe mpigie dada yako umwambie habari ya pasipoti ya mke wangu imekwisha, na mpigie baba yangu Tanga wewe mwenyewe umwambie jina la baba yake litaandikwa. Simu mbili. Akipiga yeye wataona ni uamuzi wa mwanaume wa nyumba, ukipiga wewe wataona mkamwana ana mdomo. Na mfanye hivyo kabla hujaingia mwezi wa nane, akika ni siku ya saba na ubishi wa majina na mama mwenye kichanga havikai pamoja.

Kuna njia nyingine pia nimeiona ikifanya kazi Muscat. Baba yako na baba mkwe wako kwa Kiurdu ni samdhi, na mama yako na mama mkwe wako ni samdhan, ni undugu wenye jina kabisa na una heshima kubwa, samdhi akipiga simu nyumba nzima inakaa vizuri. Mpaka sasa wanasalimiana? Kama hawajawahi, siku ya Ijumaa muwaunganishe kwa video wewe na mumeo mkitafsiri, baba yako aseme tu asante kwa kumtunza binti yangu, asiguse habari ya majina hata kidogo.

Mama mkwe mwite Ammi, vile watoto wake wanavyomwita, saas ni la kumsimulia tu usije ukamwita hivo usoni. Ukitaka kumuongezea heshima sema Ammi jan. Kwetu ami ni ndugu wa kiume wa baba kwaio mwanzo utajisikia unamwita mtu mwingine, zoea tu. Kesho mpigie wewe, usimsubiri mumeo, anza na "Assalamu alaikum Ammi jan", muulize afya inaendeleaje, muulize majina matatu, na mwishoni ndo umwombe hilo la kukuita jina lako.